Wenye Peramiho

Msafiri anayetoka Songea mjini kwa barabara ya Mbinga hufika Peramiho baada ya kilomita zipatazo 25, na kabla hajauliza lolote majengo yenyewe huwa yamekwisha kumjibu. Kuna kanisa kubwa la abasia lenye minara miwili, lililojengwa katika miaka ya 1940. Kuna Hospitali ya Mtakatifu Yosefu, kiwanda cha uchapaji, karakana za useremala na uashi, shule, nyumba za watawa. Jibu linalotolewa na kuta hizo ni kwamba hapa ni kwa Wabenediktini wa shirika la St. Ottilien la Ujerumani, na kwamba habari ilianza mwaka 1898, Padre Cassian Spiss alipokuja kufungua misheni. Sina ugomvi na mwaka huo. Nina ugomvi na mazoea ya kuufanya kuwa mwanzo. Nadhani historia ya nyumba na wenyewe ikianzia kwenye jiwe la msingi huwa imekwisha kumruka mtu, na kwa Peramiho tunao ushahidi wa kumrudisha aliyerukwa. Ushahidi huo ni mioto miwili iliyowashwa katika eneo hilo hilo, mmoja na kila upande, katika miaka michache ya mwanzo wa karne iliyopita.

Waliolifanya somo la nyumba na wenyewe kuwa fani kamili ni Wamarekani. Huko Dedham, jimbo la Massachusetts, ipo nyumba ya mbao ya Jonathan Fairbanks, inayotajwa kuwa nyumba kongwe kuliko zote za fremu ya mbao zilizobaki zimesimama Amerika ya Kaskazini. Wataalamu walipima pete za miti iliyochanwa mbao zake, wakaweka ujenzi kati ya 1637 na 1641. Wameishi humo vizazi vinane vya ukoo mmoja, na hata leo nyumba iko mikononi mwa chama cha wazawa wa Fairbanks. Mtafiti wa huko ana wosia, ana orodha za mali za marehemu zinazotaja hadi vyungu na vitanda, ana daftari za kodi na za parokia. Akivipanga, wenye nyumba wanapita mbele yake mmoja baada ya mwingine. Ni kazi ya kupendeza, na mimi naiheshimu. Lakini hata yeye, pamoja na makaratasi yote hayo, mara nyingi huanzia kwa Fairbanks kana kwamba alikuta uwanja mtupu, wakati eneo lile lilikuwa la watu wa Massachusett, ambao jimbo lenyewe limebeba jina lao. Karatasi humkumbuka aliyeandikwa. Kwa hiyo tatizo la Peramiho si kwamba sisi hatuna karatasi na wenzetu wanazo. Karatasi za Peramiho zipo tele, ila zinaanza siku ambayo mtu mwenye kalamu alifika.

Kabla ya kalamu kulikuwa na ufalme. Wangoni waliotoka kusini na Zwangendaba, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, walitawanyika baada ya kifo chake huko Ufipa, na tawi moja likashuka hadi nchi hii ya milima na mabonde iliyo mashariki ya Ziwa Nyasa. Kufikia miaka ya 1860 walikuwa wamekwisha kuwatimua Wamaseko, Wangoni wenzao waliowatangulia, hadi ng'ambo ya Ruvuma, na utawala ukagawanyika sehemu mbili: Mshope upande wa kaskazini na Njelu upande wa kusini. Njelu ilikuwa ya ukoo wa Gama, na Peramiho iko ndani ya Njelu. Nyumba za watu hao hazikujengwa ili zimzike aliyezijenga. Fito na nguzo zilisimikwa kwa mviringo, zikafungwa kwa kamba za miti, zikakandikwa udongo, paa la nyasi likashushwa hadi karibu na ardhi. Mchwa na mvua za masika vilimaliza kazi katika miaka michache, na mwenye nyumba alijenga nyingine, pengine hatua hamsini tu kutoka pale, pengine bonde la pili. Ndiyo maana leo mtu anaweza kutembea kutwa nzima katika nchi iliyokuwa na wafalme asione ukuta wao hata mmoja, akadhani haikuwa na wenyewe.

Wajerumani waliifanya dhana hiyo kuwa sheria. Amri ya ardhi ya tarehe 26 Novemba 1895 ilitamka kwamba ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Maneno yenyewe yanasikika ya kiungwana, kwa kuwa yanaacha nafasi kwa mwenye haki kujitokeza. Lakini anayepima kama yupo mwenyewe ni yule yule anayeitaka ardhi, na kipimo chake ni kuta, mipaka na karatasi. Mwaka 1897 wakajenga boma karibu na makazi ya Songea Mbano, nduna, yaani mkubwa aliye chini ya mfalme, na mji ukachukua jina la nduna huyo. Hilo nalo lina kichekesho chake kichungu: dola ililipa eneo jina la mwenyeji wake, huku sheria ikisema kwamba mwenyeji si mwenyewe. Mwaka uliofuata ndipo misheni ya Peramiho ikafunguliwa, mwendo wa siku moja kwa miguu kutoka kwenye boma.

Hapo nitaambiwa, na kwa haki, kwamba wamisionari hawakuwa askari. Walikuja na mbegu, dawa na vitabu, wakakaa kwa ridhaa ya wakubwa wa nchi. Nakubali, tena ridhaa hiyo ni sehemu ya ushahidi wangu. Mtu haombi ruhusa ya kukaa mahali pasipo na mwenyewe. Kwa desturi za watu wa nchi hii, mkubwa humpa mgeni mahali pa kujenga na kulima. Hamuuzii, na akimpa hajajivua madaraka yake juu ya ardhi ile. Mgeni anayepokea kwa desturi hiyo, kisha akaenda kusajili kwa amri ya 1895, ameshika vitu viwili tofauti mkononi akidhani ni kimoja. Sisemi kwamba wamonaki walidanganya. Inawezekana kabisa kwamba hawakuiona tofauti. Lakini tofauti ilikuwapo, na upande wa pili waliiona.

Moto wa kwanza ndio unaotuonyesha kwamba waliiona. Nkosi, yaani mfalme, wa Njelu wakati huo alikuwa Mputa Gama, aliyekaa Maposeni, jirani kabisa na misheni. Pale palikuwa na kibanda cha mahoka, yaani cha mizimu ya wazee wake waliotawala, mahali ambapo nkosi alisema na waliomtangulia kuhusu mvua, vita na maradhi ya watu. Kabla ya Vita vya Majimaji, Padre Franziskus Leuthner wa Peramiho alikichoma moto kibanda hicho. Watafiti wa vita hivyo wamelitaja tukio hilo kuwa mojawapo ya sababu za chuki kati ya Mputa na misheni, na si vigumu kuelewa kwa nini. Tukitazama kwa jicho la fundi, kibanda cha mahoka hakikuwa kitu: fito, udongo, nyasi, labda vyungu. Kwa ukoo wa Gama ndiyo ilikuwa nyumba ya msingi kuliko nyumba zote, kwa sababu nyumba ya kulala ilihama na mtu, bali ile iliwaunganisha waliopo na waliokwisha kuondoka. Kama Dedham kuna wosia uliofungiwa kabatini, Maposeni palikuwa na kibanda hicho.

Mtu atasema padre alichoma ibada, hakuchoma umiliki. Kwake yeye ilikuwa vita ya imani dhidi ya ushirikina, wala suala la ardhi halikuwamo. Huenda ndivyo alivyowaza, na nia yake siwezi kuipima. Lakini kitendo husema kitu hata mtendaji asipokusudia. Kama eneo lile lingekuwa tupu, kama dola ilivyodai, pasingekuwa na kibanda cha kuchoma. Na kama mamlaka ya nkosi yangekuwa yamekwisha, kibanda kingeachwa kioze chenyewe kama vilivyooza vingine. Kilichomwa kwa sababu bado kilikuwa na nguvu, watu bado waliitika kilipowaita. Aliyekiwasha moto alikiri kwa mkono wake kwamba alimkuta mwenye mahali.

Moto wa pili ni maarufu zaidi. Mwaka 1905 maji ya dawa yaliletwa Ungoni na Kinjala kutoka upande wa Liwale. Tarehe 14 Agosti Cassian Spiss, ambaye sasa alikuwa askofu, aliuawa Mikukuyumbu karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili, akiwa safarini kwenda Peramiho. Mwezi Septemba wapiganaji wa Njelu waliichoma Peramiho yenyewe, na Padre Leuthner akauawa siku hizo hizo. Miaka saba ya kazi, kanisa na nyumba na bustani, ikawa majivu.

Pingamizi la moto huu ni zito kuliko la kwanza, na sitaki kulipita juu juu. Vita vya Majimaji vilichoma misheni nyingi. Nyangao ilichomwa, Lukuledi ilichomwa, hata maduka ya wafanyabiashara na mashamba ya pamba hayakusalimika. Je, si kujipendelea kuuchukua moto wa Peramiho peke yake na kuufanya madai ya nkosi juu ya ardhi yake? Ni kweli kwamba hasira ilikuwa ya nchi nzima, na hata bila kibanda cha mahoka inawezekana Peramiho ingechomwa. Ila sababu ya jumla haifuti sababu ya mahali. Kodi, kazi za kulazimishwa na viboko vinatueleza kwa nini watu walisimama. Havituelezi kwa nini jina la padre fulani na kibanda fulani vilibaki vinywani mwa wazee wa Ungoni kwa zaidi ya miaka sitini. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi kukusanya kumbukumbu za vita, na O. B. Mapunda na G. P. Mpangara wakachapisha kitabu chao juu ya vita hivyo katika Ungoni mwaka 1969. Atakayesema kumbukumbu za wazee si za kutegemewa aniambie kwanza kwa nini barua za wakubwa wa boma, walioandika wakiwa washindi, ni za kutegemewa zaidi. Zote zinahitaji kupimwa. Na zikipimwa pamoja, zinakubaliana juu ya jambo moja: kila upande uliteketeza nyumba ya mwenzake, na hakuna anayehangaika kuteketeza nyumba ya mtu asiye na madai.

Kilichofuata kinajulikana kwa kila mtoto wa Songea. Majeshi ya Wajerumani yalishinda kwa bunduki za rashasha, kisha yakamalizia kwa njaa, yakichoma maghala na mashamba. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji zaidi ya 60, Mputa Gama akiwa mmojawapo, walinyongwa Songea na kuzikwa katika kaburi la pamoja, mahali ambapo leo pana Makumbusho ya Majimaji. Songea Mbano alinyongwa baadaye akazikwa peke yake, na inaelezwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Kabla ya siku ya kunyongwa, Padre Johannes Häfliger wa Kigonsera aliingia gerezani akawabatiza wengi wa waliohukumiwa. Kwa hiyo nkosi alizikwa shimoni na wenzake, na Njelu haikupata kumrudisha mfalme mwenye nguvu zile. Misheni ilirudi, ikajenga upya, safari hii kwa matofali ya kuchoma.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwenye ufundi, maana wengi hudhani nyumba ya matofali huacha alama na nyumba ya udongo haiachi. Nyumba ya kukandika ikibomoka yenyewe, udongo wake hunyeshewa, ukalainika, ukarudi shambani, asijue mtu kwamba palikuwa na ukuta. Ikiungua ni habari nyingine. Joto la paa na fito huuoka udongo uliokandikwa hadi ukawa mgumu, na mabonge yake hubaki ardhini yakiwa na mifereji midogo ndani, chapa ya fito zilizoteketea, pengine hata alama za vidole vya aliyekandika. Wachimbaji wa mambo ya kale huyatafuta mabonge hayo, kwa maana yanaeleza unene wa fito, umbali kati yake na mkunjo wa ukuta. Aliyechoma kibanda, kwa kukusudia kukifuta, alikuwa anakihifadhi. Na tofali la misheni lilipikwa vivyo hivyo: udongo wa bonde lile lile, kuni za msitu ule ule, tanuri la siku kadhaa la aina ambayo hata leo utaliona likifuka moshi kando ya barabara za Ruvuma. Waliochimba udongo, wakasomba maji na kuni, kwa sehemu kubwa walikuwa watu wa pale pale, wakiongozwa na mabruda wachache. Majina ya mabruda yameandikwa.

Sasa lipo pingamizi ambalo naliona kuwa gumu kuliko yote, na wenyeji wa Ruvuma wasio Wangoni hulitoa bila kungoja kuulizwa. Kama mnamrudisha aliyerukwa, mbona mnaishia kwa Gama? Wangoni wenyewe waliikuta nchi ina watu. Wandendeule walikuwapo, Wamatengo walikuwapo na wakakimbilia milimani, Wapangwa na wengine walishambuliwa na kutekwa. Misheni ilipofika, Wangoni walikuwa hawajatimiza hata nusu karne katika nchi hii. Kwa kipimo hicho nkosi naye ni mgeni aliyejenga juu ya mahali pa mtu. Nalikubali pingamizi hili lote, na silioni kuwa linavunja hoja. Sikusema kwamba yupo mwenyewe wa kwanza kabisa ambaye tukimpata kesi imekwisha. Nimesema kwamba mnyororo usikatwe pale panapomfaa mwandishi. Anayeanzia 1898 anawaruka Gama, na anayeanzia kwa Gama anawaruka Wandendeule. Tofauti ni kwamba wateka nyara wa Kingoni waliishi kwa kuwameza waliowateka, wakaoa kwao, wakachukua lugha yao, hata wengi wa waliojiita Wangoni mwaka 1905, na wengi wa waliokufa kwa jina hilo, walikuwa wajukuu wa watu waliotekwa. Umiliki wa aina hiyo hauko katika hati, lakini hauwezi kusemwa haukuwapo.

Baada ya hapo wenye nyumba walibadilika haraka kuliko kuta. Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa Wajerumani, na Mkataba wa Versailles, katika kifungu chake cha 438, ukaziweka mali za misheni zao chini ya wadhamini wa dhehebu lile lile. Mapadri wa mashirika mengine wakashika nafasi. Mwaka 1922 uongozi ukakabidhiwa kwa Gallus Steiger, Mswisi, ambaye uraia wake haukuwatia wasiwasi Waingereza, na mwaka 1931 Peramiho ikawa abasia yenye jimbo lake, naye akiwa abate, kisha askofu. Sheria ya ardhi ya 1923 nayo ilikwisha kutangaza ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma. Halafu ukaja mwaka 1963, ambao ningependa uandikwe kwa herufi kubwa katika historia ya kila nyumba ya nchi hii: ndani ya mwaka huo mmoja serikali ya uhuru ilifuta milki huru za ardhi na ikafuta utawala wa machifu. Aliyedai kwa hati na aliyedai kwa ukoo walipoteza nguvu ya kisheria pamoja. Chini ya sheria za ardhi za 1999 mambo ni hayo hayo: ardhi ni ya umma, Rais ni mdhamini, na mwenye jengo ana haki ya kuitumia tu.

Mtu mwenye haraka atasema basi, kesi imefutika. Ardhi ni ya wote, tangu 1969 Songea ina jimbo lake lililoanza na askofu mzalendo, James Komba, Hanga ina monasteri ya Waafrika tangu 1957, na wanaosali, kutibu na kutibiwa Peramiho leo ni watoto wa nchi hii. Walioungua na waliounguza wamekaa benchi moja kanisani. Kufukua kibanda cha mahoka ni kutafuta nini? Ni hoja yenye heshima, na wengi wa watu wa Ruvuma wanaishi ndani yake kwa amani. Lakini inachanganya kurithi na kusahau. Mrithi halali ndiye mwenye haki ya kujua alichorithi kilitoka wapi. Mtoto wa Njelu aliyeingia nyumba ya misheni kwa mlango wa shule hakuwa mpangaji. Alikuwa anarudi mahali ambapo babu yake aliwahi kuwa mwenyeji, na historia inayoanzia 1898 inamfanya ajione mgeni aliyekaribishwa.

Wala si lazima mtu awe adui wa abasia ili kusema hivi. Mmonaki wa Peramiho, Padre Elzear Ebner, ndiye aliyeandika kitabu kikubwa cha historia ya Wangoni, na kikachapishwa na wachapaji wa Ndanda na Peramiho mwaka 1987. Ndani ya nyumba ile ile alikaa mtu akawauliza wazee nasaba za Gama. Upande wa dola umechelewa zaidi. Ni tarehe 1 Novemba 2023 tu ndipo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea, akakutana na wazawa wa Songea Mbano, akaomba msamaha na kuahidi kusaidia kukitafuta kichwa kile. Ahadi yake ilihusu mifupa na vitu vilivyochukuliwa. Kibanda cha Maposeni hakimo katika orodha ya vitu vya kurudishwa, kwa kuwa hakikuchukuliwa kokote. Kinachobaki kufanywa juu yake kiko hapa hapa, na ni kazi ya kawaida ya wataalamu wa mambo ya kale: kuwauliza wazee wa Maposeni kilikuwa upande gani, kupima eneo, kuchimba kwa uangalifu, na kutazama kama ardhini yamo mabonge ya udongo uliookwa yenye chapa za fito.